Dakika Kumi na Moja za Lori la Baba

Karani wa ofisi ya vifurushi alitoa wembe kwenye droo, akaupuliza, akakata utepe uliofunga sanduku la kaseti yangu kabla sijapata kusema subiri. Wembe haukuhitajika. Pembeni mwa utepe palikuwa na kichupo chekundu. Ukikivuta, unafunguka wenyewe. Yeye alikata, na wembe ukazama hadi kwenye kadibodi, ukaacha mkwaruzo mrefu juu ya picha ya lori.

"Madam, unalia?"

"Silii."

"Basi weka sahihi hapa. Lakini huendi nayo. Kaseti ikitoka nje ya nchi lazima itazamwe kwanza."

Niliweka sahihi. Halafu nikaomba niiweke tena, kwa sababu ya kwanza ilipinda. Alinitazama, kisha akanipa fomu mpya. Ndivyo nilivyo, na nalisema mapema ili msomaji asinionee huruma pasipostahili. Mimi ni mtu wa kuandika barua mara nne. Nikifunga mlango narudi kuujaribu, na nikifika njiani narudi tena. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kutunza kaseti katika duka moja la mtaa wa Umoja lililokodisha filamu: kuzisafisha, kuzirudisha mwanzo, kuzibandika lebo, kuandika orodha. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuifungua mashine mbovu na kuifunga tena, na kwa kusoma majarida ya zamani yaliyouzwa kando ya Jogoo Road, yale ya Wazungu wanaokusanya filamu kama watu wengine wanavyokusanya stempu.

Ndani ya jarida moja la aina hiyo niliona tangazo. Filamu moja ndogo ya mapigano, iliyotengenezwa na watu wachache wasio na kampuni kubwa nyuma yao, ilikuwa imepata wapenzi huko Amerika, na sasa ilikuwa inatolewa upya kwa ajili ya wakusanyaji: sanduku gumu, kijitabu, kila nakala na nambari yake iliyoandikwa kwa mkono. Na juu ya yote, dakika kumi na moja za mbio za lori zilizokuwa zimekatwa zilikuwa zimerudishwa.

Nilisoma mstari huo wa mwisho nikiwa nimesimama. Dakika hizo zilikuwa za baba yangu.

Nilipokuwa na umri wa miaka sita hivi, Baba aliendesha lori la mawe katika kwari moja upande wa Athi River. Watu wa filamu walikuja na kamera mbili, wakapiga kambi kando ya machimbo, na wakati fulani wakahitaji lori na mtu wa kulikimbiza. Baba alisema mtu huyo alikuwa yeye. Hakulisema kwa majivuno. Alilisema jinsi mtu anavyosema aliwahi kuishi Makadara.

Filamu ilipofika mitaa yetu miaka mingi baadaye, ilifika imechoka, nakala iliyonakiliwa kutoka nakala, na mtu mmoja huko njiani alikuwa ameikata ili itoshe kwenye kaseti fupi. Mwanamke mwenye nywele za manjano anaruka juu ya lori linalokwenda mbio. Picha inatetemeka. Mara lori limelala chini ya kwari linaungua, na mwanamke anajikung'uta vumbi. Mbio zenyewe hakuna aliyeziona.

Mwenye duka letu, Mswahili wa asili ya Lamu aliyezaliwa Nairobi na aliyekuwa mtani mkubwa wa Baba, alionyesha filamu hiyo kila baada ya miezi michache katika chumba cha nyuma cha duka. Picha ilipofika pale pa kutetemeka, alisimama mbele ya watu na kumnyooshea Baba kidole.

"Haya! Bwana Sinema amepita! Mmemwona?"

"Hatukumwona!"

"Basi hiyo ndiyo kasi yake, jamani. Hata kamera haikumwahi!"

Watu walicheka hadi benchi zikalia. Baba alicheka pia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshapigania dakika hizo kumi na moja nikiwa darasa la sita, pale wasichana wawili walipoimba "baba yako mwongo" kutoka lango la shule hadi kwenye ngazi za nyumba yetu. Na sasa nakiri jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: nilipigana huku nikiwa na shaka. Miaka yote ile nilijiuliza kama Baba hakuwa amesimama tu kando akitazama, halafu hadithi ikakua mdomoni mwake.

Mwaka ule alitarajiwa kustaafu mwishoni mwa Desemba na kurudi nyumbani Ukambani, kwa Mama na shamba. Sikutaka aondoke Umoja na jina la Bwana Sinema, na kicheko kile nyuma yake. Na nilitaka kujua. Nikamwandikia binamu yangu aliyekuwa akisoma Amerika, naye akaniletea kaseti kwa posta kama zawadi ya kusherehekea kumaliza masomo yake.

Nilipomwambia Baba, alikuwa anapiga pasi shati.

"Achana na hiyo kitu, mama," alisema. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Itakuonyesha, Baba."

"Huenda haimo. Wale watu walikuwa wakikatakata sana."

"Imo. Imeandikwa imo."

"Basi ikija, tutaona," akasema, akaendelea kupiga pasi kola iliyokuwa imeshanyooka.

Nilidhani ni unyenyekevu.

Sasa turudi kwa karani. Nilirudi ofisini kwake siku tatu baadaye, kama nilivyoagizwa, nikiwa nimevaa sketi ya kanisani ili nionekane mtu wa kuaminika.

"Hiyo kaseti yako ina shida," alisema. "Tumeiweka kwenye mashine yetu, inaleta mistari. Mistari tu, na sauti kama ya nyuki."

Nilijua ni nini kabla hajamaliza. Kaseti za Amerika hurekodiwa kwa mfumo wa picha tofauti na wetu; mashine za hapa haziwezi kuzisoma. Nilikuwa nimelisoma hilo, tena kwenye jarida lilelile lenye tangazo. Nilikuwa nimemwandikia binamu yangu kurasa tatu kuhusu namna ya kulifunga sanduku: magazeti tabaka mbili, kona ziwekewe kadibodi, kamba isikaze. Kurasa tatu! Sikuandika hata neno moja kuhusu mfumo.

"Ni mfumo tu," nikamweleza. "Nipeni, nitatafuta mashine yake."

"Hatuwezi kutoa kitu ambacho hatujakiona."

"Lakini hamwezi kukiona."

"Ndiyo maana hatuwezi kukitoa."

"Sasa nifanye nini?"

Alifikiri kwa dhati. Sitamsingizia, alifikiri. "Lete mashine inayoiona. Tukishaiona, tunapiga muhuri, unaenda nayo."

"Nilete mashine hapa? Na televisheni?"

"Televisheni tunayo. Ah, hapana, subiri. Yetu pia si ya mfumo huo, sivyo? Basi lete zote mbili."

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi, nikahesabu madirisha ya jengo la ng'ambo ya barabara, kisha nikayahesabu tena.

Mwenye duka alipolisikia jambo hili alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia yake. "Wallahi serikali ina watu! Basi usilie, binti. Shemeji yangu wa mtaa wa Fedha, yule anayefanya kazi uwanja wa ndege, alirudi juzi kutoka Uarabuni na mashine ya kila mfumo. Hata ukiweka sahani inaonyesha picha."

"Ataniazima?"

"Ataniazima mimi. Lakini kwa sharti moja. Kaseti ikitoka, itaonyeshwa hapa dukani, mbele ya watu wote. Nataka nimwone Bwana Sinema kwa macho yangu. Na asipokuwemo, nataka aniambie mwenyewe, mbele ya hao hao: bwana wee, nilisema uongo."

"Yumo," nikasema.

"Wewe umemwona?"

Nikaenda kupanga kaseti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Tulipeleka mashine na televisheni ofisini kwa pikapu ya shemeji, zimefungwa ndani ya mablanketi mawili. Nilikaa nyuma nikizishikilia. Karani alitukaribisha vizuri sana, akaagiza chai, akawaita wenzake wanne. Nikaziunganisha nyaya, nikaipata picha, safi kabisa, rangi za ajabu ambazo sikuwahi kuziona katika filamu ile. Kumbe mbingu yake ilikuwa bluu. Hapo karani akanigusa bega.

"Sasa madam, ngoja nje."

"Kwa nini?"

"Mwenye kifurushi haruhusiwi kuwa ndani wakati wa ukaguzi."

"Nani ataiendesha mashine?"

"Umeshaiwasha, sivyo?"

Nilikaa kwenye benchi la korido kwa saa moja na nusu, nikiisikiliza filamu yangu kupitia mlango wa mbao. Nilisikia milio ya bunduki. Nilisikia wafanyakazi wa serikali wakipiga makofi. Nilisikia injini ya lori, ndefu, ikipanda na kushuka, na mtu akipiga kelele, "Mama yangu! Angalia hiyo kona!" Mara mbili nilishika kitasa. Mara mbili nilirudi kukaa. Waliirudisha nyuma wakaiona tena sehemu ile, nikasikia mkwaruzo wa mashine ikilazimishwa na mkono usiojua, na nikauma kidole changu.

Karani alitoka akitabasamu kama mtu aliyetoka harusini. Akapiga muhuri fomu tatu. Halafu, nikiwa sijaona vizuri anachofanya, akapiga na wa nne juu ya sanduku lenyewe, katikati.

"Picha safi," alisema. "Haina tabia mbaya. Na yule mwanamke! Yule mwanamke anaendesha lori kuliko mwanamume yeyote niliyemwona barabara hizi."

Nilidhani amechanganya mambo. Nilishukuru, nikabeba vitu vyangu.

Jioni ile, kabla ya Jumamosi ya maonyesho, Baba alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Mama, hiyo kaseti. Kwa nini tusiitazame sisi wawili kwanza? Pale dukani, kabla hawajafungua."

Hapa ndipo ninapotaka kuirudisha nyuma siku, kama kaseti. Mtu mwenye akili angeinua kichwa na kuuliza, "Kwa nini, Baba?" Mimi nilikuwa na maelezo. Nilimweleza kwamba kila kaseti inapopita kwenye mashine inachakaa kidogo, kwamba wale wa ofisini walikuwa wameshaipitisha mara moja na nusu, tena vibaya, na kwamba nilitaka mara yake ya kwanza kwetu iwe mbele ya mashahidi wote, ikiwa bado kali. Nilisema neno hilo, mashahidi. Nilikuwa nimewaandikia mialiko, kwa mkono, kadi ishirini na mbili: madereva wenzake, jirani wa juu na wa chini, wazee wawili wa kanisa. Tatu nilikuwa nimezirudia kwa sababu ya wino.

"Wazee wa kanisa pia?" aliuliza.

"Ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye."

"Sawa," alisema. Akasimama kidogo zaidi. "Sawa, mama."

Jumamosi saa nane mchana chumba cha nyuma kilijaa hadi kwenye makreti ya soda. Pazia lilikuwa limeshonwa na mke wa mwenye duka kutoka mashuka mawili, na jua lilipenya kwenye mshono wa katikati, mstari mweupe ukapita juu ya televisheni, na nililazimika kusimama mara mbili kuubana kwa pini. Baba alikaa benchi la pili, shati lake la kola iliyonyooka, mikono juu ya magoti. Mimi nilikuwa kando ya mashine, kidole karibu na vitufe.

Vijana wa mtaa walikuwa wamekaa chini mbele, na mmoja akamgeukia mzee wangu.

"Niaje, buda! Leo tunakuona?"

"Mtaona," alisema Baba.

Filamu ilianza. Watu waliijua kwa moyo, wakawa wanasema maneno kabla ya wachezaji. Kisha mwanamke mwenye nywele za manjano, ndani ya gauni jekundu lenye vifungo vyeupe, akaruka juu ya lori, na pale ambapo picha ilikuwa ikitetemeka miaka yote, haikutetemeka. Chumba kizima kilivuta pumzi. Mwanamke akaingia kwa dirisha, akamsukuma nje jambazi, akashika usukani.

Nilitazama. Jambazi dereva alikuwa Mzungu mwenye ndevu. Aliyechukua usukani alikuwa mwanamke. Nikaanza kumtafuta Baba nyuma ya lori, miongoni mwa mawe, kando ya barabara. Lori likashuka kwenye kwari kama lililotupwa. Likapita ukingoni gurudumu moja likiwa hewani, likazunguka kona ambayo lori la mawe halipaswi kuizunguka, vumbi likapanda kama moshi, vijana wakawa wanapiga sakafu kwa viganja. Kutoka mbali ulionekana usukani, na juu yake kichwa cha manjano. Kutoka karibu alionekana yule mwigizaji, uso umepakwa poda, akizungusha usukani ambao kwa hakika haukuwa umeunganishwa na kitu chochote.

Halafu kulikuwa na picha moja, ya sekunde nne labda, kutoka mbele ya boneti. Kioo kina vumbi. Nyuma ya kioo yupo mtu katika gauni jekundu, wigi la manjano limehamia upande wa sikio, midomo imepakwa rangi, na anauma mdomo wa chini upande wa kushoto jinsi Baba anavyouma anapopitisha uzi kwenye tundu la sindano.

Nilimwona. Naapa nilimwona kabla ya akili yangu kukubali.

Lori likaanguka, likaungua. Mwenye duka akasimama mbele ya televisheni.

"Haya, jamani. Leo hakuna pa kujificha. Tumeliona lori?"

"Tumeliona!"

"Limeendeshwa?"

"Limeendeshwa!"

"Na nani?"

"Na mwanamke!"

"Basi Bwana Sinema yuko wapi? Alikuwa tairi?"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko vyote vya nyuma, kwa sababu sasa kilikuwa na uthibitisho ndani yake. Mzee mmoja wa kanisa alitikisa kichwa polepole, kwa huzuni ya mtu aliyempata mwenzake na kosa. Nami ndiye niliyempa kadi ya mwaliko.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kukibonyeza, kurudisha nyuma sekunde chache, kusimamisha picha: ndilo jambo pekee nililokuwa nimelingojea tangu darasa la sita. Na sikubonyeza. Nilifanya hesabu ya haraka na chafu kichwani, nikaona ni afadhali Baba aitwe mwongo kuliko aonekane na midomo ile myekundu mbele ya wazee wa kanisa. Nilimwamulia. Sijui nani aliniruhusu.

"Mama," Baba aliita. "Rudisha nyuma."

"Mashine imekwama," nikasema.

"Rudisha."

"Imekwama, Baba. Imepata joto sana. Tungoje ipoe."

Alisimama, akapita katikati ya miguu ya vijana, akaja pale nilipokuwa. Hakunitazama. Aliinama akaviangalia vitufe kama dereva anayeangalia gari la mtu mwingine, akapata kile chenye mishale miwili ya nyuma, akabonyeza. Lori likapanda kutoka motoni, likarudi kinyumenyume juu ya kwari.

"Sasa simamisha," aliniambia. "Hapo. Hapo!"

Nilisimamisha. Picha ilitetemeka na mistari miwili, lakini uso ulikuwepo.

"Huyo ni mimi," alisema Baba.

Mwenye duka akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo. Akamtazama Baba. Akaitazama televisheni. Akamtazama Baba tena.

"Bwana wee," alisema taratibu. "Hilo ni gauni?"

"Ni gauni."

"Na midomo?"

"Waliipaka. Yule dada hakujua kuendesha hata baiskeli. Walitafuta mtu wa umbo lake. Madereva wengine walikataa, walisema ni aibu. Mimi niliuliza kitu kimoja tu, kama gauni litanasa kwenye klachi. Wakalikata hapa chini, mkasi mmoja."

"Na ukakubali! Wewe, mzee wa watu!"

"Miaka tisa niliendesha lile lori kwa mwendo wa punda," alisema Baba. "Kila siku naambiwa polepole, mawe yasimwagike, tairi zisiishe. Akatokea mtu akaniambia, liendeshe uwezavyo. Hata wangenivalisha gunia ningeingia."

Hapo chumba kililipuka. Sijawahi kusikia kelele ile tena. Vijana walirukaruka, "Buda! Buda!", mtu alipiga kreti kama ngoma, dereva mmoja mwenzake wa Baba aliteleza kutoka benchi hadi sakafuni akabaki hapo akilia kwa kucheka. Mwenye duka alivua kofia yake.

"Jamani! Nisikilizeni! Miaka yote nimemwita mwongo. Si mwongo. Wallahi si mwongo. Ila Bwana Sinema hayupo tena, amekufa leo." Akageuka kwa Baba akainama. "Shikamoo, Mama Lori."

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Baba, na hapo hata mzee wa kanisa akashindwa, mabega yakamtikisika.

Walitaka kuiona tena. Halafu tena. Niliwaambia kwamba picha iliyosimamishwa inaichuna kaseti, kwamba kichwa cha mashine kinasugua mahali pamoja, nikaeleza kwa mifano. Ilikuwa kama nauelezea ukuta. Waliisimamisha mara nane. Mara ya tisa kaseti ilimezwa, nikaitoa kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, na kulikuwa na mkunjo juu ya utepe ambao hakuna chuma cha pasi kitakachoutoa. Unapita hasa juu ya uso wa Baba. Kati ya kaseti zote za toleo lile duniani, hakuna nyingine iliyokunjika hapo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, jua bado liko juu ya paa. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilimgeukia yeye.

"Kwa nini hukuniambia? Miaka yote!"

"Uliniuliza kama niliendesha. Hukuniuliza nilivaa nini."

"Baba!"

"Na mara ya mwisho nilijaribu. Ukanieleza habari ya kaseti kuchakaa."

Tulipita kinyozi, tukapita mama wa mboga. Kisha akauliza, bila kugeuza kichwa, "Ulikuwa umeniona? Kabla sijasema?"

"Ndiyo."

"Na mashine haikukwama."

"Haikukwama."

Alitembea kidogo. Nilingoja anikemee, ningeona nafuu kama angenikemea.

"Mimi nilikuwa nimeamua kunyamaza," alisema. "Nilikuwa nimekaa pale, nikasema, wacha wacheke, nimebakiza miezi michache. Halafu nikakutazama wewe, umekaza mkono kwenye ile mashine, umekuwa na rangi ya majivu. Nikajua umeniona, na kwamba utaenda kuificha hiyo kitu mahali, na kila siku utaangalia kama bado imefichika vizuri. Nakujua. Nikaona si kazi ya kukuachia."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa bado nakipanga, nakitoa neno hapa nakiongeza pale, wakati mtu alipoita kutoka ghorofa ya pili, mtu ambaye hata hakuwepo dukani, habari zilikuwa zimeshafika.

"Mama Lori! Mambo!"

Baba aliinua mkono juu, akapiga honi kwa mdomo, mara mbili.